Shajara ya mradi: kubadilisha solenoidi mbili za VVT-i kwenye Toyota Allion ya mwaka 2008

Gari na malalamiko yake

Gari ni Toyota Allion iliyotengenezwa mwaka 2008, chesisi ZRT260, yenye injini ya 2ZR-FE ya sentimita za ujazo 1,797 ambayo ina mfumo wa VVT-i (unaobadilisha taimingi, yaani wakati wa kufunguka kwa valvu) kwenye kemshafti zote mbili, mihimili inayofungua valvu: ya inteki (njia ya hewa kuingia) na ya ekzosi (njia ya moshi kutoka). Kila kemshafti ina solenoidi yake, valvu ndogo ya umeme inayoelekeza oili ya mfumo huo. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu anayeishi hapa Morogoro na ambaye husafiri mara kwa mara kwenda Iringa kuwaona ndugu zake. Mlima wa Kitonga ndio uliomleta gereji. Alieleza kwamba gari lilikuwa linapanda kwa shida huku malori yakimkaribia kwa nyuma, kwamba likisimama kwenye foleni injini hutetemeka na wakati mwingine huzima, na kwamba taa ya injini kwenye dashibodi imewaka kwa muda mrefu.

Kabla ya kufika kwangu gari lilikuwa limepita kwenye gereji nyingine, ambako lilibadilishiwa plagi na sensa ya oksijeni bila nafuu yoyote. Mwalimu alinionyesha risiti zake zote, zimekunjwa vizuri ndani ya kitabu cha gari, akaniambia, “Fundi, safari hii naomba unieleze kwanza kilichoharibika, ndipo uniambie cha kununua.” Nililichukua ombi hilo kuwa ndio utaratibu wa mradi mzima, na ndiyo sababu shajara hii ina kurasa nyingi za vipimo kuliko za kufungua na kufunga.

Siku ya kwanza: kusoma misimbo

Mashine ya kupimia ilitoa misimbo miwili ya hitilafu. Wa kwanza ni P0011, unaomaanisha kwamba taimingi ya kemshafti ya inteki imebaki mbele kuliko kompyuta ya injini inavyotaka. Wa pili ni P0013, unaohusu njia ya umeme ya solenoidi ya ekzosi. Kijana ninayefanya naye kazi alisema mara moja kwamba ni solenoidi zote mbili, basi ziagizwe. Huenda jibu lake lingekuwa sahihi, lakini msimbo hutaja eneo lenye tatizo na hautaji kifaa. P0011 unaweza kuletwa na solenoidi iliyokwama, na oili chafu au nzito kupita kiasi, na njia ya oili iliyoziba, na gia ya VVT iliyo mbele ya kemshafti, au na cheni ya taimingi iliyoruka meno. P0013 nao unaweza kuletwa na koili iliyokatika, na waya uliokatika au kugusa bodi, na plagi ya waya iliyolegea, au na kompyuta yenyewe.

Kilichonipa matumaini tangu mwanzo ni kukosekana kwa P0016, msimbo ambao kwa kawaida hujitokeza pale ambapo kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na kemshafti zimepoteza uhusiano wao, kama inavyokuwa cheni ikiruka. Aidha, injini ilipowashwa asubuhi ikiwa baridi haikutoa ule mgongano wa chuma wa sekunde chache unaosikika pini ya kufungia gia ya VVT inapochoka. Kwa dalili hizo mbili niliona haifai kuanza kwa kufungua kava ya cheni, kazi ambayo ingemgharimu Mwalimu fedha nyingi bila sababu.

Siku hiyohiyo, mchana: oili

Kijiti cha oili kilitoka na kitu cheusi na kizito, na chini ya kifuniko cha kujazia palikuwa na tope la oili lililoganda. Mwalimu alisema amekuwa akiwekewa 20W-50 kwa sababu aliambiwa kwamba gari la miaka mingi linahitaji oili nzito. Ushauri huo unasikika kila mahali, na kwa injini hii naupinga kwa nguvu. Mtengenezaji aliisanifu injini ya 2ZR-FE kwa oili nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, na mfumo mzima wa VVT-i unaendeshwa na oili hiyo.

Oili inayosukumwa na pampu hufika kwenye valvu ndogo ya solenoidi, na ndani ya valvu hiyo kuna fimbo inayoteleza mbele na nyuma kwa amri ya kompyuta. Fimbo ikisogea upande mmoja, oili huingia kwenye vyumba vya gia ya VVT vinavyoisukuma kemshafti mbele. Ikisogea upande wa pili, oili huingia kwenye vyumba vinavyoirudisha nyuma, huku ile ya vyumba vya kwanza ikiachiwa irudi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kompyuta haitoi umeme mfululizo bali huukata na kuurudisha mara nyingi kwa sekunde, na asilimia ya muda ambao umeme umewashwa ndiyo inayoamua fimbo isimame wapi. Nafasi kati ya fimbo na ukuta wa valvu ni nyembamba mno, kiasi kwamba utando wa oili iliyoungua unatosha kabisa kuizuia isirudi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa kumwaga oili na kubadilisha filta, kisha kuweka lita 4.2 za 5W-30. Sikutumia dawa ya kusafishia injini ile inayomwagwa ndani kabla ya kubadilisha oili. Kwenye injini yenye tope la namna hii, dawa kali hubandua vipande vikubwa kwa mara moja, navyo huweza kwenda kuziba chujio la pampu kule kwenye sampu, na hapo ugonjwa mdogo hugeuka kuwa mkubwa. Nilimweleza Mwalimu kwamba nitaisafisha injini polepole kwa oili mpya itakayobadilishwa mapema.

Misimbo ilifutwa, gari likaendeshwa hadi likapata moto. P0013 ulirudi baada ya muda mfupi. P0011 ulichelewa, lakini nao ulirudi.

Siku iliyofuata: multimita

Ukurasa huu naujali kuliko mwingine wowote kwenye mradi huu, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika na kipimo ambacho chenyewe ni sahihi.

Solenoidi zote mbili ziko juu ya injini, upande wa cheni. Ya inteki iko upande wa rejeta na ya ekzosi iko upande wa ukuta wa kabini. Nilichomoa plagi za waya na kupima koili injini ikiwa imelala usiku kucha. Kipimo cha kiwanda ni omu 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzi 20 za sentigredi. Ya inteki ilisoma 7.6, ya ekzosi 7.7. Kwa kipimo hicho peke yake zote mbili ni nzima, na mtu angeweza kuhitimisha kwamba P0013 ni tatizo la waya na kuanza kupasua mkanda wa nyaya zote hadi kwenye kompyuta.

Hata hivyo, gari halilalamiki likiwa baridi. Niliiwasha injini, nikaiacha ipate moto kamili hadi feni ya rejeta ikafanya kazi, nikaizima na kupima tena mara moja. Hapa inafaa kukumbuka kwamba shaba huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili yenye omu 7.3 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 9.3 kwenye nyuzi 90, na kusoma hivyo si ubovu. Ya inteki ilisoma 9.2, kama hesabu inavyotaka. Ya ekzosi haikusoma kitu: multimita ilionyesha kwamba njia imekatika kabisa. Nilisubiri ipoe huku nikiwa nimeshikilia ncha za multimita mahali pake, na baada ya muda namba ikarudi ghafla. Waya wa koili ulikuwa umekatika ndani, ncha zake zikigusana kwa baridi na kuachana kwa joto.

Ili nisiache shaka, nilipima pia nyaya kutoka kwenye plagi ya solenoidi ya ekzosi hadi kwenye kompyuta. Kila waya ulisoma chini ya omu 1 kutoka ncha hadi ncha, na hakuna uliogusa bodi. Nilizitikisa nyaya kwa mkono wakati wa kupima na kipimo hakikubadilika. Solenoidi ya ekzosi ikahukumiwa kwa ushahidi.

Ya inteki: nzima kwa umeme, mgonjwa kwa mwili

Koili ya inteki ilikuwa salama, basi P0011 ulitafutwa kwenye fimbo. Nilisafisha kwanza eneo lote kwa hewa ya kompresa na dawa ya breki, kwani mchanga ukidondoka kwenye tundu la solenoidi unaingia moja kwa moja kwenye njia ya oili. Kisha nilifungua boliti yake moja kwa soketi namba 10 na kuichomoa solenoidi taratibu, nikafunika tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Juu ya meza niliipa umeme wa betri wa volti 12 kwa sekunde chache tu. Koili ya omu 7 na kitu huvuta zaidi ya ampea moja na nusu, na ikiachiwa umeme huo mfululizo hupata moto na kuungua, jambo ambalo haliwezi kutokea kwenye gari kwa sababu kompyuta hukatakata umeme. Fimbo ilisogea. Nilipoondoa umeme, ilirudi nusu ya njia na kusimama. Nilirudia, ikasimama mahali palepale. Kupitia matundu ya valvu ulionekana utando wa kahawia umeshika kwenye kingo za fimbo, mgumu usiofutika kwa kidole.

Hapo ndipo malalamiko ya Mwalimu yalipoeleweka yote kwa pamoja. Injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, kemshafti ya inteki inatakiwa iwe imerudi nyuma kabisa ili valvu za inteki na za ekzosi zisifunguke kwa pamoja kwa muda mrefu. Fimbo ikikwama katikati, oili inaendelea kuisukuma kemshafti mbele. Moshi uliokwisha kuungua unarudi kwenye njia ya hewa, silinda zinapata hewa iliyochafuka, na injini inatetemeka hadi inazima kwenye foleni. Solenoidi ya ekzosi iliyokatika umeme huleta madhara ya namna nyingine. Gia ya ekzosi hupumzika ikiwa mbele kabisa, tena imewekewa springi ya kuisaidia kufika huko kwa kuwa msuguano wa kemshafti daima huivuta nyuma. Umeme ukikosekana inabaki hapo, injini inaendelea kufanya kazi, ila inapoteza nguvu na inakula mafuta zaidi pale ambapo taimingi ilitakiwa ibadilike. Tetemeko la foleni na uchovu wa Kitonga yalikuwa magonjwa mawili tofauti ndani ya injini moja.

Je, ya inteki ingeweza kusafishwa tu? Niliijaribu kwa dawa ya breki na hewa, na fimbo ikaanza kurudi hadi mwisho, ingawa kwa kusitasita. Wapo mafundi wanaoirudisha katika hali hiyo na gari likatembea. Mimi naona kusafisha kunafaa kama kipimo, yaani kuthibitisha kwamba uchafu ndio uliokwamisha, na pia pale ambapo fimbo baada ya kusafishwa inateleza kwa uhuru kamili. Hii haikuwa hivyo, na mtu mwenye kupanda Kitonga na familia hapewi valvu inayositasita.

Kuagiza spea

Niliagiza Dar es Salaam, Gerezani, kwa muuzaji ambaye hukubali spea ipimwe kabla ya fedha kutoka. Solenoidi hizi mbili hufanana sana kwa sura lakini si kitu kimoja, kwa sababu nafasi ya mapumziko ya inteki na ile ya ekzosi ni kinyume. Namba ya Toyota ya upande wa inteki huanza na 15330 na ya upande wa ekzosi huanza na 15340, na nilimtumia muuzaji picha za zile za zamani pamoja na namba ya chesisi ili pasiwe na kubahatisha.

Mwalimu aliuliza kuhusu za mtumba zilizotolewa kwenye injini kutoka Japani, ambazo bei yake ni ya chini sana. Nilimjibu kwamba, kwa taa ya mbele au kioo cha pembeni, mtumba wa Japani ningempendekezea mwenyewe. Kwa kifaa kinachouawa na oili chafu, hakuna anayejua injini ile ilitunzwaje, na koili inayokatika kwa joto tu haiwezi kugunduliwa dukani. “Basi lete mpya,” alisema, “lakini zile za zamani nazo nirudishie nizione.” Ni haki yake, na ningependa kila mwenye gari aidai.

Mzigo ulifika kwa basi. Kabla ya kufunga chochote nilipima koili za zote mbili, nikazipa umeme wa sekunde chache juu ya meza, na fimbo zote zikaenda na kurudi kwa mlio mkavu wa mara moja.

Kufunga

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maandalizi yake. Waya hasi wa betri uliondolewa, na plagi za waya zikafungwa utepe wa rangi tofauti ili zisibadilishane. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje) ya zamani ya upande wa ekzosi ilikuwa imekauka na kipande chake kilibaki ndani ya tundu. Nilikitoa kwa ncha ya mbao, kwani chuma kingekwaruza aluminiamu, na mkwaruzo huo ungevujisha oili siku zote. Oringi mpya zilipakwa oili safi ya injini, solenoidi zikasukumwa kwa mkono zikiwa zimenyooka bila kuzungushwa, hadi kikalio chake kikagusa bila kulazimishwa na boliti.

Boliti ilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu kwa newtoni mita 10 tu. Nasisitiza jambo hili kwa vijana wote wanaojifunza kazi: nyuzi zile zimekatwa kwenye aluminiamu, na mkono uliozoea kukaza boliti za tairi utazing’oa kabla mwenyewe hajahisi. Klipu ya plagi ya waya ya ekzosi ilikuwa imevunjika sikio, nikaibadilisha na nyingine.

Vipimo baada ya kufunga

Misimbo ilifutwa na injini ikawashwa. Nilikagua kwa tochi pande zote mbili na hapakuwa na oili iliyovuja, iwe injini baridi au ya moto. Mzunguko ulitulia kati ya 600 na 700 kwa dakika, na glasi ya maji iliyowekwa juu ya kava haikumwagika.

Kisha nilitumia mashine kuiamuru solenoidi ya inteki ifunguke wakati injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Katika kipimo hiki injini nzima inatakiwa itetemeke au izime, na amri ikiondolewa itulie papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa. Injini isiyobadilika kabisa wakati wa amri hii inaonyesha kwamba oili haifiki au gia imefungamana, na hapo solenoidi mpya haitasaidia.

Barabarani, kijana alikuwa akisoma mashine nami nikiendesha kuelekea Mzumbe. Kwenye kila kupanda tulilinganisha nyuzi (za pembe, si za joto) ambazo kompyuta inazitaka na nyuzi ambazo kemshafti imefikia. Upande wa inteki namba mbili zilifuatana kwa tofauti ya nyuzi moja hadi mbili, zikikutana tena mara mguu ulipotulia. Upande wa ekzosi mwanzoni ulikuwa mzito kidogo kufuata, kisha ukaenda sawa kadiri oili ilivyopata moto. Nilihusisha uzito huo na mabaki ya tope kwenye njia za oili, nikaandika pembeni kwamba kipimo hicho kirudiwe baada ya oili ya pili.

Oili ya pili

Mwalimu alikwenda Iringa na kurudi, akaleta gari lilipokaribia kilomita 1,000 tangu oili ya kwanza. Alisema Kitonga aliipanda bila kuachwa nyuma na kwamba taa ya injini haijawaka. Mashine haikuwa na msimbo wowote, wala uliohifadhiwa ukisubiri.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kupita umri wake, ishara kwamba ilikuwa ikibeba tope la zamani, kama nilivyokusudia. Niliikata filta na kuikunjua karatasi yake juu ya meza: palikuwa na chembe nyeusi laini zinazopondeka kwa kidole, na hapakuwa na vumbi la chuma linalong’aa. Nikaweka tena lita 4.2 za 5W-30 na filta mpya. Kipimo cha upande wa ekzosi kilirudiwa kwenye barabara ileile, injini ikiwa haijapata moto kamili, na uzito wa mwanzo haukuonekana tena.

Solenoidi mbili za zamani zilikabidhiwa kwa Mwalimu, ile ya ekzosi ikiwa na karatasi yenye vipimo vyake vya baridi na vya moto. Oili inayofuata itabadilishwa baada ya kilomita 5,000, filta itakatwa tena, na koili zote mbili zitapimwa injini ikiwa ya moto.